Pancha ni Moja, Tairi ni Nne: Kwa Vikundi Vyenye Gari la Fowili



Baadhi ya vikundi tunavyotembelea upande wa Dagoretti, Kikuyu na Limuru vimenunua gari lao la kupeleka mboga na maziwa Kangemi na Kawangware, au mpaka Marikiti katikati ya jiji. Wengi huchagua gari la fowili, yaani gari ambalo injini yake inazungusha magurudumu yote manne. Sababu inajulikana. Mvua ya Aprili ikianza, njia ya kutoka shambani huwa matope matupu, na gari la kawaida hulala huko huko mpaka jua litoke. Basi mtu ananunua Subaru Forester, Toyota RAV4 au Nissan X-Trail ya mkono wa pili kutoka Japan, au Land Rover ya zamani iliyouzwa na shirika fulani. Hatulaumu uamuzi huo. Lakini kuna jambo ambalo muuzaji huwa halitaji, nasi tumeona likileta maneno makali mikutanoni. Jambo lenyewe ni tairi.

Mambo huenda hivi. Gari limepata pancha na tairi imeharibika kabisa. Dereva anarudi na kusema zinahitajika tairi nne. Mama mweka hazina anafungua kitabu, anamtazama.

“Baba, tairi iliyopasuka ni ngapi?”

“Ni moja, mama.”

“Na hizo tatu zina ugonjwa gani?”

Hapo watu wanaanza kuangaliana. Mwingine anasema chini chini kwamba dereva na mwenye duka wameelewana. Mwisho kikundi kinakataa, kinanunua tairi moja, na baada ya miezi michache giaboksi inaanza kulia. Kuitengeneza hiyo kunaweza kumeza pesa za tairi nne mara kadhaa. Dereva alikuwa anasema kweli, ila hakujua kuieleza. Tungependa kuieleza hapa polepole, ili hata mwanachama ambaye hajawahi kushika usukani aamue akijua.

MAGURUDUMU YALIYOFUNGWA NIRA

Fikirini ng'ombe wawili katika nira. Mmoja akipiga hatua ndefu na mwingine fupi, nira inawakata shingo wote wawili, na jembe linakwenda upande. Gari la fowili lina nira ya namna hiyo chini yake, ya chuma, inayounganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Gari likikata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Kwa hiyo wahandisi waliweka difu, kifaa cha meno kinachoruhusu gurudumu moja kuzunguka zaidi ya mwenzake. Gari la kawaida lina difu moja. Gari la fowili lina difu ya mbele, difu ya nyuma, na katikati pana kiungo cha tatu kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Katika magari mengine kiungo hicho ni sahani nyembamba zinazobanwa na mafuta ya giaboksi. Katika mengine ni mkebe wenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo yakipata joto hukaza na kushika. Kiungo hiki kimetengenezwa kuvumilia tofauti ndogo ya muda mfupi, kama ile ya kona au ya kuteleza matopeni. Hakikutengenezwa kuvumilia tofauti isiyoisha kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi, kila siku.

Tofauti hiyo isiyoisha huletwa na tairi. Tairi mpya ina meno marefu, tuseme milimita 8. Tairi iliyotembea mwaka mmoja au miwili inaweza kuwa imebaki na milimita 3. Kwa macho zinafanana. Lakini tufanye hesabu kwa tairi ya kipimo cha 215/60 R16, ambayo iko kwenye Forester nyingi. Ikiwa mpya, mzunguko wake ni milimita 2,087 hivi, na kwa kila kilomita itazunguka mara 479. Ile iliyolika ni ndogo kidogo, kwa hiyo lazima izunguke mara 486 ili iende umbali uo huo. Ni mizunguko 7 tu ya tofauti, mtu atasema ni kitu gani? Lakini ni 7 kwa kila kilomita. Kutoka Nairobi mpaka Nakuru, kilomita 160 hivi, zinapita elfu moja. Mizunguko hiyo yote inamezwa na chuma na mafuta ndani ya difu na kile kiungo cha katikati, na inageuka kuwa joto.

Dalili zake mtazijua. Gari likigeuka polepole usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kama wakati wa kuegesha, linakuwa kama linashikwa nyuma na kuruka ruka. Wengine husikia harufu ya mafuta yaliyoungua. Mkifika hapo, acheni kubishana juu ya tairi na mwoneni fundi.

Gari la fowili si la aina moja, na hili huchanganya watu. Kuna magari ambayo magurudumu manne yanavuta wakati wote, kama Subaru na Land Rover Defender. Haya ndiyo yanayodai sana tairi zinazolingana. Kuna mengine, kama RAV4 na X-Trail nyingi, ambayo kwa kawaida huvuta kwa mbele na kuita nyuma mbele ikiteleza. Hayo nayo yana kiungo kinachoweza kuungua, kwa sababu mashine ikiona mbele na nyuma hazizunguki sawa huweza kudhani gari linateleza. Halafu kuna Land Cruiser ya kazi, ile ya misheni na hospitali za vijijini, ambayo dereva mwenyewe ndiye anayeingiza fowili kwa gia ndogo. Hiyo ikiwa kwenye magurudumu mawili ina uvumilivu zaidi. Ila ukiingiza fowili kwenye lami kavu, hata tairi zikiwa sawa, unaitesa.

PANCHA IKITOKEA NJIANI

Pesa nyingi hupotea katika dakika tano za kwanza. Tairi yenye msumari mara nyingi huzibwa kwa pesa kidogo. Tairi hiyo hiyo ikitembezwa bila upepo kutoka Kangemi mpaka Uthiru kwa sababu dereva anaogopa kusimama, ubavu wake unasagika ndani na haizibiki tena. Hapo ndipo pancha ya shilingi chache inageuka kuwa tairi nne. Kwa hiyo usukani ukianza kuvuta upande, punguza mwendo polepole bila kukanyaga breki kwa nguvu, toka kabisa kwenye njia ya magari na usimame mahali pagumu na tambarare. Kwenye Waiyaki Way, kituo cha mafuta kilicho mita mia mbili mbele ni bora kuliko ukingo wa barabara. Mita hizo nenda mwendo wa mtu anayetembea. Kilomita mbili, hapana.

Katikati ya jiji pana jambo jingine. Ukiwa Uhuru Highway au karibu na mzunguko wa Globe, mtu anaweza kukuonyesha kwa kidole kwamba tairi yako ina shida. Huenda ni msamaria. Huenda pia ni yule anayetaka ushuke huku mwenzake akifungua mlango wa upande wa pili. Kama usukani haujabadilika, funga milango na uende mpaka penye watu na mlinzi ndipo ukague.

Sasa kuinua gari. Hapa hata dereva wa miaka mingi tunamwomba asome, kwa sababu alilojifunza kwenye pikapu ya kawaida halitoshi.

Wengi hutegemea handibreki. Kwenye Forester na RAV4 handibreki hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gari lote linashikwa na lile moja lililobaki chini. Kwenye Land Rover Defender ni mbaya zaidi. Handibreki yake haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka katikati kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu la nyuma, difu inaruhusu lile lililo hewani kuzunguka upande mmoja na lile la chini kuzunguka upande mwingine, shafti ikiwa imetulia kabisa. Gari linatambaa na kuanguka kutoka kwenye jeki, handibreki ikiwa imevutwa mpaka juu! Ndiyo sababu kwenye Land Rover hiyo unafunga kwanza difu ya katikati kwa ile gia ndogo, uone taa yake imewaka, ili magurudumu ya mbele nayo yashike. Ukimaliza, uifungue kabla ya kurudi kwenye lami.

Hata gari la otomatiki lililowekwa kwenye P lisiaminiwe peke yake. Dawa ni mawe, au vipande viwili vya mbao vilivyokatwa kama kabari, ambavyo tunashauri vikae ndani ya gari siku zote. Weka kimoja mbele na kimoja nyuma ya gurudumu lililo pembeni mkabala na lile unalotoa. Ukitoa la nyuma kushoto, zuia la mbele kulia. Abiria wote washuke, na watoto wasimame mbali na barabara. Pembetatu mbili za tahadhari, zile ambazo polisi wa trafiki huziuliza, ziwekwe barabarani hatua hamsini au zaidi kutoka kwenye gari, kwa sababu matatu inayoteremka kutoka Kinoo haikuoni mpaka iko juu yako.

Legeza nati kabla ya kuinua, nusu mzunguko kila moja, gurudumu likiwa bado chini. Chini ya jeki weka kipande cha ubao mpana kama ardhi ni laini. Jeki ikae pale mtengenezaji alipoonyesha. Kwa Subaru ni penye alama kwenye ukingo wa chini wa mwili wa gari, kwa Land Rover ni chini ya ekseli karibu na gurudumu. Ingiza tairi ya spea chini ya ukingo wa gari wakati unafanya kazi. Gari likianguka, litaangukia tairi na si mguu wako. Usiingize kichwa wala mkono chini. Na jambo ambalo kwa gari la fowili ni hatari ya pekee: mtu yeyote asiwashe injini na kuingiza gia gari likiwa juu ya jeki. Kwenye gari la kawaida huenda gurudumu likazunguka hewani tu. Hapa magurudumu yaliyo chini nayo yanaweza kuvuta, na gari likaruka mbele.

Ukifunga gurudumu jipya, kaza nati kwa kuvuka, moja ya juu kisha ya chini upande wa pili, si kwa kufuatana. Shusha gari, kisha kaza kabisa kwa nguvu ya mikono. Hiyo tabia ya kupanda juu ya spana na kuruka ruka huvuta na kuharibu nyuzi za bolti, na siku nyingine nati haitoki. Baada ya kilomita 50 hivi simama uzikaze tena.

ILE SPEA NYEMBAMBA

Magari mengi kutoka Japan huja na tairi ya spea nyembamba kama ya pikipiki kubwa. Soma ubavuni mwake: kwa kawaida inataka upepo wa psi 60, na mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Ni ya kukufikisha kwa fundi, si ya kwenda Marikiti na kurudi kwa wiki mbili. Spea hiyo ikiwa ndogo kuliko zile nyingine tatu, kila kilomita unayokwenda nayo inakula kile kiungo cha katikati.

Kwa Subaru za zamani zenye giaboksi ya otomatiki kuna msaada ambao wengi hawaujui. Chini ya boneti pana kisanduku kidogo kilichoandikwa FWD. Ukiingiza fiuzi hapo, gari linaacha kuvuta kwa nyuma, na taa ya FWD inawaka mbele ya dereva. Spea nyembamba hufungwa nyuma. Kama pancha ni ya mbele, unahamisha tairi nzima ya nyuma ije mbele, kisha spea inakwenda nyuma. Ni kazi mara mbili, na kwenye mvua inachosha, lakini inaokoa giaboksi. Ukirudisha tairi kamili, toa fiuzi. Subaru za gia za mkono hazina mpango huu, basi kwa hizo nenda polepole na safari iwe fupi.

Zikiharibika mbili kwa pamoja, mkaita gari la kuvuta, mwambieni aje na lile la kubeba gari zima mgongoni. Gari linalovuta kwa magurudumu manne likiinuliwa mbele tu na kuburutwa, nyuma inazungusha shafti mpaka kwenye giaboksi.

KUZIBA NA KUNUNUA

Kwa fundi wa pancha, ombeni tairi itolewe kwenye rimu na ikaguliwe ndani. Kile kijiti cha mpira kinachosukumwa kutoka nje ni cha dharura. Tundu likiwa katikati ya meno na halizidi milimita 6, kiraka cha ndani chenye shina linalojaza tundu kitadumu. Likiwa ubavuni au kwenye bega la tairi, fundi mwaminifu atakataa kuliziba, nanyi msimlazimishe.

Kama imekufa kabisa, anzeni kwa kupima zile tatu zilizobaki. Chukua kijiti cha kiberiti, kisimamishe ndani ya mfereji wa meno, weka alama kwa ukucha, upime kwa rula ya shule. Kama zile tatu zimelika chini ya milimita 2 tu kuliko mpya, nunueni moja ya jina lile lile, kipimo kile kile na meno ya mtindo ule ule. Wengine ni wakali zaidi: Subaru ya Marekani husema mzunguko wa tairi zote nne usitofautiane zaidi ya robo inchi, ambayo ni kama milimita 1 ya meno. Njia nyingine ya kupima ni kamba ya katani isiyovutika: zungusha katikati ya tairi, weka alama, linganisha na nyingine zenye upepo ule ule.

Kama zile tatu zimelika sana, njia ya bei nafuu ni kutafuta ya mtumba iliyolika sawa nazo. Kirinyaga Road, ambako wazee bado huita Grogan, watu huenda kutafuta spea za kila gari. Nendeni na kijiti chenu na rula, na usione haya kupima mbele ya muuzaji. Angalieni pia tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri inaweza kuwa mzee wa miaka kumi ambaye mpira wake umekauka na kupasuka nyufa.

Hapa dukani mtapewa ushauri mmoja ambao tunawaomba mfikirie mara mbili. Muuzaji atasema, “Kama nne ni nyingi, wekeni mbili mpya, ziwe pamoja.” Kwa gari la kawaida ni ushauri mzuri. Kwa gari linalovuta nne wakati wote si mzuri, kwa sababu sasa mbele yote ni ndefu na nyuma yote ni fupi, na tofauti nzima inaangukia kile kiungo cha katikati. Ni afadhali moja inayolingana kuliko mbili mpya zisizolingana. Huko Marekani kuna mafundi wanaochonga tairi mpya kwa mashine mpaka ilingane na za zamani. Msijaribu kwa kisu.

KITABU CHA MWEKA HAZINA

Tunashauri kikundi kinapopata gari kinunue tairi tano za aina moja kwa siku moja, kama nafasi ya spea inaruhusu tairi kamili, na wazizungushe zote tano kila kilomita 8,000 hadi 10,000, spea nayo ikishuka kufanya kazi. Hivyo zinalika pamoja, na siku ya pancha mna ya tano inayolingana. Msitegemee kuipata aina ile ile baadaye. Zamani tairi za Yana zilitengenezwa hapa Nairobi na kampuni ya Sameer Africa, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2016. Aina iliyoletwa na meli mwezi huu huenda msiione mwaka ujao.

Pesa zake zitengwe kidogo kidogo, si kuchangishwa siku ya msiba. Kadirieni tairi zitatembea kilomita ngapi, gawanyeni bei ya zote kwa kilomita hizo, na kila safari ya sokoni ilipe fungu lake kabla ya faida kugawanywa. Kikundi kinachofanya hivyo mweka hazina wake hana haja ya kumhoji dereva.

Na katika kitabu hicho hicho dereva aandike kila mwezi upepo wa kila tairi, kama ulivyo kwenye kibandiko cha mlango wake, na kina cha meno kwa ile rula. Safu nne za namba, na ya tano ya spea. Tairi ambayo upepo wake unashuka kila mwezi kuliko wenzake huenda ina msumari mdogo, na inapelekwa kwa fundi wa pancha siku ya mapumziko, gari likiwa tupu.